Kumtafutia Karanga Kwao

Tangu nirudi kazini hakuna anayeniuliza habari za safari. Wote mnauliza, "Mbwa je?" Nimeulizwa getini, nimeulizwa wodini sindano ikiwa mkononi, na juzi nimeulizwa kanisani tukiwa kwenye foleni ya sadaka. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu anapata mwanzo, yule anapata mwisho, na wa tatu anaondoka akiamini nimekanyagwa na tembo. Kwa hiyo nimeketi niandike yote mara moja. Sikukanyagwa na mtu wala mnyama. Someni mpaka mwisho, halafu mniache nifanye kazi.

Turwa: aliyebaki bandani

Kwa wasiomjua, Karanga ni mbwa jike, mwembamba, mwenye rangi ya karanga zilizokaangwa zikapitiliza kidogo. Alikuwa wa mwisho katika banda la Mzee Mwikwabe, afisa mifugo mstaafu wa hapa Turwa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiokota mbwa waliotupwa, anawachanja, anawanenepesha, kisha anawatafutia watu. Mimi ni nesi, kwetu Makete, na Tarime nililetwa na serikali. Sehemu ya kazi yangu ni kuwachoma sindano walioumwa na mbwa, na ndivyo nilivyomfahamu Mzee. Yeye alikuwa akimfuatilia mbwa, mimi namfuatilia aliyeng'atwa, tukakutana katikati. Jioni nikitoka kazini nilipita bandani kwake kumsaidia kugawa ugali na dagaa.

Mwaka huu magoti ya Mzee yalikataa kazi. Binti yake akaamua kumchukua akaishi naye Mwanza, na kiwanja kikapata mwenyewe mpya. Mbwa watano waliondoka ndani ya wiki mbili. Karanga alibaki kwa sababu kila aliyekuja kumtazama aliona mkia tu. Akisikia mgeni aliingia nyuma ya pipa, akageuza uso ukutani, akatulia hapo kama mtu anayedaiwa. Hakuwahi kumuuma mtu wala kumfukuza kuku, na katika miezi tisa hatukuwahi kumsikia akibweka hata mara moja. Ukitaka akukaribie, ilibidi ukae chini, umpe mgongo, ujifanye una shughuli zako. Baada ya muda mrefu alikuja kukuwekea kidevu kwenye goti. Mimi kidevu hicho nilikipata baada ya wiki sita, na sikumbuki kama kuna cheti nilichowahi kukifurahia zaidi.

Ijumaa Mzee aliniita, akaniambia bila kuzunguka.

"Daktari," alisema, maana kwake kila anayevaa nguo nyeupe ni daktari, "mimi naondoka Jumanne asubuhi. Kama mpaka Jumatatu jioni huyu hajapata kwake, nitamchoma sindano mwenyewe alale. Sitamwacha mjini apigwe mawe."

"Mzee, niachie mimi."

"Utamweka wapi? Mama mwenye nyumba wako hataki hata paka."

Hilo lilikuwa kweli. Hata hivyo nilirudia, "Niachie mimi," na wanaonijua wanajua kwamba nikisema hivyo mara mbili, mkoba umeshafungwa.

Nyarero: kesi isiyokuwepo

Mzee alikuwa na jina moja tu lililobaki: Mzee Nyamhanga wa Nyarero, mfugaji, rafiki yake wa zamani, aliyewahi kusema kwamba anatafuta mbwa. Simu yake haikupatikana. Nikasema hiyo siyo sababu ya kukaa nyumbani. Jumamosi asubuhi nilikodi bajaji, Karanga akajibana chini ya kiti akanipa mkia, tukaenda.

Bajaji ilituacha barabarani, tukaingia bomani kwa miguu, mimi mbele na Karanga nyuma kwenye kamba. Mke wa Mzee Nyamhanga alikuwa anaanika ulezi. Aliinua kichwa, akaniona, akaona kamba, akaona mbwa. Kabla sijapiga hodi alisema kwa sauti kubwa:

"Huyo si wetu!"

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akamwita mume wake kwa Kikurya, na Mzee Nyamhanga akatoka na fimbo yake, mrefu, mtulivu, uso wa mtu aliyeshakaa kwenye mabaraza mengi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Vikaletwa viti viwili, vikawekwa kuelekeana. Mke akaacha ulezi wake akasimama nyuma ya mume. Nikajiambia, kweli Wakurya wanaheshimu mgeni.

"Haya," alisema Mzee Nyamhanga. "Sema. Ameua nini?"

Nilielewa kwamba anataka kujua tabia za mbwa kabla ya kumchukua. Swali zuri kabisa. Nikajibu kwa fahari, "Hapana, Mzee. Huyu hata kuku hagusi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi ndiyo kabisa. Anawaogopa."

Wakatazamana. "Sasa kama hajaua kuku, hajaua mbuzi," alisema polepole, "umetuletea kesi gani?"

Ilichukua muda kuelewana. Kumbe pale kwao mgeni akiingia bomani anamvuta mbwa kwa kamba, amekuja kushtaki. Mbwa amefanya uharibifu mahali, aliyeharibiwa anamkamata, anampeleka kwa mwenyewe kama kidhibiti, na wazee wanakaa kusikiliza. Mbwa wa kupewa mtu habebwi hivyo hata siku moja, huletwa mdogo ndani ya kikapu. Mimi na kamba yangu tulikuwa tumewaingiza watu baraza zima la bure, na yule mama alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ni kuku wa nani.

Walipoelewa, walicheka mpaka nikaona aibu imenitoka. Kisha hawakutaka kusikia habari ya mbwa mpaka tule. Tulikula ugali wa muhogo na ulezi, mweusi, mzito, na kichuri, ile nyama iliyotiwa nyongo ambayo mgeni akiimeza bila kukunja uso anahesabiwa mtu. Mwaka wangu wa kwanza Tarime nilikunja. Siku hizi naongeza.

Baada ya kunawa, Mzee Nyamhanga aliinuka amjaribu mbwa. Alichukua sufuria na mwiko, akagonga mara moja tu, kwa nguvu. Karanga alitoweka. Tulimkuta chini ya ghala la mahindi, amejikunja, anatetemeka, na kumtoa kulinichukua karibu nusu saa nikiwa nimelala kifudifudi na gauni langu la safari.

"Daktari," alisema Mzee Nyamhanga niliposimama najikung'uta, "mimi nina ng'ombe. Wezi wakija hapa, huyu atawapisha njia."

"Atazoea, Mzee."

"Hatazoea. Na mimi sitaki kukudanganya."

Nilimtazama Karanga nikaiona ile sindano. Mzee Nyamhanga naye alikuwa anamtazama, lakini kwa namna nyingine sasa, ameinamisha kichwa.

"Hajabweka," alisema. "Hata kwa sufuria."

"Habweki kabisa. Miezi tisa."

"Basi nina dada yangu, Bhoke, ameolewa Machochwe, kule mwisho karibu na hifadhi. Anatafuta mbwa asiyebweka. Ametafuta tangu msimu wa jana."

"Asiyebweka? Wa kazi gani?"

"Atakuambia mwenyewe," alisema, akaenda kutafuta mahali penye mtandao ampigie.

Kuelekea Mto Mara: waoga wawili

Machochwe siyo hapo jirani. Ni kuvuka Mto Mara, kufika Mugumu, kisha kuendelea. Mzee Nyamhanga alirudi akasema dada yake anatusubiri na nisihangaike, jirani yao Wambura anapeleka ndizi Mugumu na lori lake dogo la Kanta, na yuko njiani, anakuja sasa hivi. Hiyo "sasa hivi" ilichukua saa tatu nzima. Nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara, nimempa Karanga mgongo ili apate amani, na kila aliyepita aliniuliza mbwa wangu ameua nini. Kufikia wa nne nilianza kujibu, "Simba."

Wambura alipofika, jamaa wa miraba minne, shingo kama gogo, aliteremka akanisalimia vizuri. Kisha akamwona Karanga. Alirudi kwenye gari akapandisha kioo.

"Mzee hakuniambia kuna mbwa," alisema kupitia ufa uliobaki juu.

Nilimweleza kwamba mbwa amechanjwa, na kwamba kwa mwili ule yeye Wambura ndiye anayepaswa kuogopwa. Haikusaidia. Alipokuwa mdogo aling'atwa, akachomwa zile sindano za zamani za tumboni, na mpaka leo akiona mbwa anashika kitovu. Mwishowe tulikubaliana. Karanga apande nyuma kwenye ndizi, mimi nikae naye kumshikilia, na nikitaka kusema jambo nigonge bodi. Nilisafiri hivyo kama mkungu mwingine, vumbi puani, majani ya migomba kichwani. Tulipita watu wanaonifahamu. Nikawapungia mkono.

Kabla ya kufika mtoni tairi la nyuma lilipasuka. Tulishuka. Nikamfunga Karanga kwenye kichaka upande wa pili, Wambura akahakikisha fundo kwa macho kutoka mbali, kisha akalala chali akaingia chini ya gari kutafuta mahali pa kuweka jeki. Wakati huohuo lori kubwa likapita likapiga honi ya kupasua masikio. Nilisikia kamba inakatika. Nilipogeuka, kichakani hapakuwa na mbwa.

"Daktari," sauti ya Wambura ilitoka chini ya gari, ndogo, kama ya mtu anayeungama. "Yuko huku."

"Anafanya nini?"

"Ameniingia ubavuni."

"Usimtazame!"

"Sitazami kitu chochote. Nimefumba macho. Daktari, anatetemeka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Niliinama nikachungulia. Karanga alikuwa amejibanza kati ya mbavu za yule jitu na tairi la akiba, pua ndani ya kwapa lake. Nikamwambia Wambura afanye jambo moja tu, aendelee na kazi kana kwamba mbwa hayupo. Alinyoosha mkono akaweka jeki. Polepole nikasikia anaongea, siyo na mimi. Alikuwa anamsimulia mbwa bei ya matairi. Alifanya kazi yote ya chini hivyo, na alipotoka, Karanga alitoka nyuma yake, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akakaa.

Wambura alijifuta jasho. "Huyu ni mwoga kuliko mimi," alisema, na niliona limemfurahisha sana. Tulivuka Mto Mara tukiwa wote watatu mbele, mbwa chini miguuni pangu.

Hapo ndipo aliponiuliza namwacha wapi. Nilipomwambia kuna mama Machochwe anatafuta mbwa asiyebweka, alipunguza mwendo.

"Asiyebweka? Pembeni ya hifadhi?" Akatikisa kichwa. "Daktari, mbwa wa namna hiyo huko anatafutwa na mtu mmoja tu. Mwindaji. Anaingia naye porini kimya kimya, askari wasisikie. Siku wakikamatwa, mtu anakwenda jela na mbwa anapigwa risasi."

Tulifika Mugumu giza likianza kuingia, nikalala kwa nesi mwenzangu niliyesoma naye, baada ya gesti mbili kunikataa na mbwa wangu. Kulala ni neno tu. Nilijiuliza nimemtoa Karanga kwenye sindano nimpeleke kwenye risasi.

Machochwe: mhadhara wangu

Asubuhi ya Jumapili Wambura, ndizi zikiwa zimeshashushwa, alinikuta getini na gari tupu. "Nakupeleka mwenyewe," alisema. "Nataka kumwona huyo mwindaji."

Boma la Mama Bhoke liko mwisho wa mashamba. Mbele yake ni vichaka, na baada ya vichaka ni hifadhi. Tulimkuta ameketi mlangoni akipukuchua mahindi, mama mtu mzima, mpana wa mabega, mkono wa kushoto umepinda kidogo kwenye kifundo. Tuliamkia shikamoo.

"Marahaba, wanangu. Amang'ana?"

"Amaya," nilijibu, kwa sababu habari za salamu Kikurya changu kinatosha.

Mama Bhoke hakumtazama mbwa kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshatazama ukutani. Palikuwa na rola la waya, waya mwembamba ule ule ambao wawindaji hutegea wanyama. Wambura naye aliuona, akanigusa kwa kiwiko. Basi nikasimama wima.

"Mama," nilisema, "samahani sana. Mzee Nyamhanga amenituma nikuletee mbwa. Lakini kabla sijamfungua kamba naomba kujua atafanya kazi gani."

"Kazi yake ni kunyamaza," alisema Mama Bhoke, akaendelea na mahindi yake.

Wambura alikohoa. Mimi nikaanza. Nilisema sikutoka Tarime juu ya ndizi ili kiumbe huyu akanaswe na waya porini. Nilisema kuhusu sheria. Nilisema kuhusu wajukuu na urithi wa taifa. Nilitumia ile sauti ninayotumia kwa wagonjwa wanaoacha dawa katikati, na nikamalizia kwamba kama ni uwindaji, tunarudi naye sasa hivi. Nilijua kurudi naye maana yake nini, na kesho yake ilikuwa Jumatatu. Bado nilisema.

Mama Bhoke aliweka gunzi chini. Mabega yalianza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, mpaka akafuta machozi na upande wa khanga.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikimfukuza swala kwa miguu hii, swala atasimama anisubiri kwa huruma."

Aliinuka akatupeleka nyuma ya nyumba. Waya ule ulizunguka shamba lake la mahindi, kigingi hadi kigingi, na kwenye waya alikuwa amening'iniza makopo matupu, kila moja na mawe madogo ndani. Alitikisa mahali pamoja, shamba zima likalia. "Tembo," alisema. "Huo ndio uwindaji wangu. Nawawinda watoke."

Kisha akatusimulia. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, dume, mkali, sifa yake ilifika mpaka Mugumu. Jioni moja tembo waliingia shambani. Simba akawaendea akibweka kwa ushujaa wote. Tembo mmoja akakasirika akamgeukia. Na mbwa akikimbizwa na kitu kikubwa hukimbilia wapi? Kwa mwenyewe.

"Alikuja moja kwa moja kwangu," alisema Mama Bhoke. "Na tembo nyuma yake. Mimi niliangukia mtaroni, mkono huu ukavunjika. Simba hakufika mtaroni. Walisema kweli, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sasa jirani wananiletea mbwa wakali, kila mtu na wake, wanasema huyu atakulinda. Mimi sitaki wa kunilinda. Nataka anayeogopa mapema, aniambie, anyamaze. Nitajua tembo wanakuja kwa kutazama masikio yake."

Nilitazama kifundo chake, mfupa uliounga vibaya kwa kukosa plasta kwa wakati, na nikatamani ardhi inifunike pamoja na urithi wa taifa. Nilimwomba radhi. Alisema radhi ya nini, hata yeye angekuwa mimi angeuliza. Kisha akasema jambo lililonitisha zaidi ya mhadhara wangu wote: "Lakini mwoga naye kuna wa aina mbili. Kuna anayekukimbilia, na kuna anayekukimbia. Anayekukimbia hanifai. Akae mpaka jioni tuone."

Wambura aliaga, alikuwa na mzigo wa kuwahi Mugumu. Alichuchumaa hatua mbili kutoka kwa Karanga, akatazama pembeni. "Baki salama, mwoga mwenzangu," alisema. Nilimwona anashika kitovu, lakini alisema.

Chini ya dungu

Mchana ule ulikuwa mrefu. Karanga alikaa chini ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa ambacho wakulima wa huko hukaa juu yake kulinda mazao, uso wake ameuelekeza kwenye nguzo. Mama Bhoke hakumwita, hakumrushia chakula, hakumtazama. Alikaa chini karibu naye, mgongo ukiwa kwa mbwa, akapukuchua mahindi na kuniuliza habari za Makete, kama ni kweli kuna baridi ya kugandisha maji. Jambo lililonichukua mimi wiki sita kujifunza, yeye alikuwa analijua tangu asubuhi. Alinipa uji wa ulezi na mahindi ya kuchoma. Sikumbuki ladha yake. Nilikuwa namtazama mbwa kwa pembe ya jicho na kuomba, kimya kimya, kwa lugha zote ninazojua.

Jua lilipoanza kushuka, mbwa wa jirani walikuwa wanabweka ovyo kama kawaida yao. Makopo yalikuwa kimya. Karanga aliinuka. Masikio yalisimama, pua ikageukia upande wa vichaka, mkia ukaingia katikati ya miguu. Nilijua anataka kukimbia, namjua. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na nilinyoosha mkono.

Alinipita. Alikwenda kwa Mama Bhoke, akajibandika kwenye paja lake, akatetemeka, na kuweka kidevu juu ya goti lake. Hakutoa sauti yoyote.

Mama Bhoke hakushtuka. Aliangalia pua imeelekea wapi, akaweka mahindi chini. "Wanatokea kule kwa mkuyu," alisema, kwa utulivu kabisa. "Inuka, mwanangu, tusogee nyumbani." Njiani aliwasha debe lake, ndani kuna kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pamoja na pilipili, akaliweka upande unakotoka upepo. Moshi ulinipiga kooni mpaka nikalia. Kwa hiyo sikuona tembo, na wale mnaosema niliwaona mnanipamba. Niliona miti inatikisika pale kwa mkuyu, nikasikia tawi linavunjika, kisha miti ya mbali zaidi ikatikisika, kisha ya mbali zaidi. Makopo hayakulia usiku ule.

Mama Bhoke alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake uliopinda juu ya kichwa cha Karanga. "Huyu ni wa kwangu," alisema.

Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Mzee Mwikwabe. Nikamwambia amepata kwake. Kisha Mzee akauliza, "Amekula?"

Kurudi

Jumatatu asubuhi nilitaka kumfunga Karanga asinifuate barabarani. Mama Bhoke alikataa. "Ukimfunga atajua umemtupa. Mwache, achague."

Nilimkumbatia mama. Karanga sikumkumbatia, yeye hapendi. Nilikaa chini nikampa mgongo kwa muda, akaja, akaniwekea kidevu chake, akakitoa. Kisha nikachukua mkoba nikaondoka, nimejiandaa kabisa kumrudisha akinifuata, nimeshapanga hata maneno ya kumwambia.

Nilipofika kwenye kona niligeuka. Hakuwa nyuma yangu. Mama Bhoke alikuwa anaelekea shambani kukagua waya, na Karanga alikuwa anamfuata, hatua mbili nyuma, mkia umelegea vizuri. Hakugeuka hata mara moja.

Nitawaambia ukweli kwa sababu ninyi ni marafiki zangu. Nilitaka anifuate. Hata hatua tano. Nilisafiri siku mbili kumtafutia mtu wa kumkimbilia, na nilipompata nikaona wivu, nikalia barabarani, mtu mzima na kazi yangu.

Bodaboda ilikuja nikiwa bado nalia. Nilipanda. Dereva, kijana mpole, aliendesha kidogo, kisha akashindwa kuvumilia.

"Mama, pole. Mmefiwa?"

"Hapana," nilisema. Sikutaka kuanza habari ya mbwa, mtu asije akaniuliza tena ameua nini. "Nimeozesha binti."

"Ooh! Hongera!" Alipunguza mwendo. "Mmepata ng'ombe wangapi?"

"Sikupewa hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Nimemtoa bure."

Alisimamisha pikipiki, akazima injini, akageuka kunitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuonyeshwa tangu nifike mkoa huu.

"Basi lia, mama," alisema. "Lia kabisa. Nakusubiri."